Danio wa milia: uzoefu wangu wa mwaka mmoja na nusu na samaki wadogo wa kundi

Kama unatafuta samaki wadogo wanaochangamka kweli, na unaishi sehemu ya baridi kama mimi hapa Iringa, jibu langu ni danio wa milia. Usinunue chini ya kumi. Nimelifikia jibu hili baada ya kuwaua samaki wengine kwa kutojua, kwa hiyo naomba nieleze kwa kirefu.

Tanki langu nilitengenezewa na fundi vioo wa mtaani: urefu sentimita 80, upana 35, kimo 35, vioo vya milimita 6. Ukitoa kokoto na nafasi ya juu, ndani kunabaki maji kama lita 85. Safari ya kwanza nilinunua samaki Dar es Salaam, kwenye duka la samaki wa mapambo. Nilimwambia muuzaji nataka tanki lenye uhai. "Dada, chukua wawili wawili, tanki lipendeze," akanishauri. Nikatoka na neoni watatu, barbi wa milia wawili, gapi wawili na danio wawili.

Halikupendeza. Neoni walijibana nyuma ya filta ya kusafishia maji wiki nzima, nikawa naona mkia tu. Barbi waliwatafuna gapi mapezi hadi yakabaki vipande. Danio mmoja alimkimbiza mwenzake kuanzia asubuhi mpaka taa izimwe, yule mnyonge akawa anakonda kwa sababu hata kula hakuachwa. Kila samaki alikuwa na hofu yake. Sikuelewa wakati ule kwamba nilichokiita uchangamfu kilikuwa mateso.

Halafu ikaja Juni. Usiku mmoja umeme ulikatika, hita ikazimika, na alfajiri kipimajoto kilisoma nyuzi 17. Neoni wote watatu walikufa ndani ya siku nne. Neoni wanatoka Amazoni, hupenda maji ya nyuzi 22 hadi 26, na wangu walikuwa wameshadhoofika kwa hofu. Danio wale wawili walizubaa kidogo asubuhi ile, na kufikia mchana walikuwa wanaogelea kama kawaida.

Hapo ndipo nikaanza kuwachunguza. Asili yao ni India, Nepali na Bangladesh, kwenye vijito, madimbwi na mashamba ya mpunga, mahali ambapo maji hupoa na kupata joto kadiri msimu unavyogeuka. Nyuzi 18 hadi 28 wanazimudu. Kwangu, ambako Julai inauma na umeme si wa kutegemea, hilo peke yake lilitosha kunishawishi. Barbi na gapi nilimpa rafiki mwenye matanki mawili, nikaagiza danio kumi zaidi kutoka Dar, shilingi 3,000 kila mmoja.

Walikuja na basi. Muuzaji hakuwalisha siku moja kabla ya safari, akawatia kwenye mifuko yenye maji theluthi na oksijeni theluthi mbili, ndani ya boksi la foamu. Walipita Mikumi, wakapanda Kitonga, nikawapokea stendi jioni. Niliiacha mifuko ielee juu ya maji ya tanki dakika 20, kisha nikawa nawaongezea maji ya tanki kikombe kwa kikombe. Wote kumi walifika wazima.

Kilichotokea baadaye ndicho kilichonifanya niwapende samaki hawa. Yule danio mgomvi alijaribu kukimbiza kila aliyemwona, lakini wenzake walikuwa wengi mno. Akimwandama mmoja, watatu wengine wanakatiza mbele yake. Kufikia siku ya tatu, ugomvi ulikuwa umegawanyika ukawa mchezo. Mnyonge wake alirudi kula, akanenepa. Samaki ni wale wale wawili na maji ni yale yale, ila sasa walikuwa na kundi.

Milia yao ni ya buluu iliyokoza na dhahabu, nayo hulala kwa urefu wa mwili hadi ndani ya mkia. Mmoja akisimama huoni cha ajabu. Kumi na wawili wakigeuka kwa pamoja mbele ya mkondo wa filta, macho hayajui yashike mstari upi. Alfajiri ndiyo saa yao: mwanga ukiingia tu, madume, ambao ni wembamba na wana rangi ya dhahabu zaidi, huanza kuwafuata majike wenye matumbo ya mviringo kuzunguka majani ya maji. Mama mkwe wangu hunywa chai yake ya kwanza hapo. Ukiwatilia viluwiluwi vya mbu, uso wa maji unachemka.

Kasoro zipo, na ni vizuri uzijue kabla ya kutoa pesa. Wanaruka. Nilimkuta mmoja amekauka sakafuni kwa sababu niliacha mwanya wa vidole vitatu kwenye mfuniko. Tangu siku hiyo nimeuziba kwa wavu. Wana haraka ya kula, hivyo samaki wapole wa chini watashinda na njaa usipowatupia chakula kinachozama. Usiwachanganye na samaki wenye mapezi marefu, maana huyadokoa. Na kama unataka samaki wa kutuliza macho, wanaoelea polepole, hawa hawatakufaa, kwa sababu hawatulii hata dakika moja mchana kutwa.

Tanki jipya usilitie samaki siku hiyo hiyo, hata kama danio ni wagumu. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, na bakteria wanaoigeuza kuwa kitu kisicho na sumu kali huchukua wiki kadhaa kujijenga ndani ya filta. Langu lilichukua wiki tano. Maji ya bomba nayalaza kwenye ndoo siku nzima ili klorini itoke.

Kwa mtu wa Dar au Tanga ningesema tofauti. Januari maji ya tanki huko hupanda hadi nyuzi 30, na hapo danio anabanwa. Kadinali, ndugu wa neoni kutoka mto Rio Negro huko Amazoni, hulimudu joto vizuri zaidi, mradi maji yako si ya kisima chenye chumvi. Na mwenye nafasi ya tanki la sentimita 120 amtazame tetra wa Kongo, dume lake hufika sentimita 8 na mapezi yake yananing'inia kama nyuzi za hariri. Hao nao wanunuliwe kwa kundi.

Jambo moja zaidi. Desemba niliweka gololi za mwanangu chini ya beseni, nikatia majike wawili na madume watatu jioni. Asubuhi mayai yalikuwa yamedondoka katikati ya gololi, mahali ambapo wazazi hawawezi kuyafikia na kuyala, nikawarudisha tankini. Yai la danio linapitisha mwanga kama kioo. Ni moja ya sababu zilizomfanya George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon awachague kwa utafiti wake, na leo maabara nyingi duniani huwatumia kuchunguza jinsi mwili unavyojiunda. Sisi tulikuwa na kioo cha kukuza tu. Siku ya pili mwanangu, ambaye yuko darasa la tano, aliinama juu ya beseni muda mrefu bila kusema neno, kisha akaniita: "Mama, moyo unapiga!" Niliuona na mimi, nukta ndogo kabisa ikidunda ndani ya yai la milimita moja.

Walipoanguliwa, tuliwalisha kiini cha yai la kuku kilichochemshwa na kukamuliwa kwenye kitambaa, tukiwabadilishia maji kidogo asubuhi na jioni. Tisa walikua. Sasa wamo tankini na wale kumi na mmoja waliobaki, ishirini kamili, sitaongeza tena. Wakigeuka mbele ya filta siwezi kuwatenga watoto na wazazi, ingawa mwanangu anasema yeye anawajua wote tisa.