Nyumba ya Rebmann, Rabai: nilipanga kukaa saa moja tu, nikarudi jioni

Kama unatafuta jumba la kifahari, usijisumbue. Nyumba aliyokaa Johannes Rebmann ni ndogo, na mara ya kwanza niliipita nikidhani ni ofisi tu. Lakini mmisionari yule Mjerumani alifika Rabai mwaka 1846, akaondoka 1875, macho yakiwa karibu yamekwisha. Miaka 29! Mimi nyumba ya kupanga ikifika mwaka wa tatu tayari nimeichoka.

Kutoka Mombasa nilipanda matatu hadi Mazeras, halafu bodaboda. Kijana akanishusha njia panda ambayo siyo, nikamalizia kilima kwa miguu, juani, na viatu vya mjini. Mgema mmoja aliyekuwa akishuka na kibuyu chake aliniangalia, akacheka. "Mwanangu, kanisa liko papo hapo juu. Lakini maji hukuchukua?"

Sikuchukua.

Nyumba ya mwenzake, Ludwig Krapf, iko eneo hilo hilo, pamoja na makumbusho na kanisa la St Paul's la mwaka 1887, ambalo waumini wanasali hadi leo. Ila mimi nilirudi kwa Rebmann. Mei 1848, akiwa mkazi wa hapa, alisafiri bara akaiona Kilimanjaro. Alipoandika kwamba kuna theluji karibu na ikweta, kuna bingwa wa jiografia kule London aliyembeza kwa miaka.

Kwenye simu nilikuwa na kamusi ya Krapf, iliyotoka London 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Nikakaa kivulini nikiipekua. Jaladani lugha yetu imeandikwa "Suahili", lakini ndani mna Kimvita, lahaja ya Mombasa, kile kile cha marehemu bibi yangu, hata maneno ambayo wanangu hawayajui tena.

Jambo moja linanikera: watu husema Kiswahili kilianza kuandikwa na wamisionari hawa. Si kweli. Utendi wa Tambuka ni wa 1728, kwa herufi za Kiarabu. Krapf alichofanya ni kukipa sarufi na kamusi kwa herufi za Kilatini, nayo si kazi ndogo.

Nenda asubuhi, na umwombe mwenyeji akuonyeshe nyumba zote mbili. Maji beba yako. Mimi niliyanunua Mazeras wakati wa kurudi, chupa mbili, nikazimaliza kabla matatu haijajaa.