Trivial Pursuit ya mtumba: inafaa kwa familia ya Kibongo?

Wadau, kuna watu kila mara wanaulizia gemu la mezani la kucheza na familia ukiacha karata, drafti na bao, basi leo niwaambie kuhusu Trivial Pursuit, gemu la maswali ya chemsha bongo, lile toleo la zamani la Kiingereza linaitwa Genus. Nimelipata mtumba kwa elfu ishirini na tano na kwa bei hiyo sina neno, ila kuna mambo uyajue kabla hujatoa hela.

Kucheza kwenyewe rahisi. Ubao ni kama gurudumu, unarusha dadu, unasogeza kete, rangi uliyoangukia ndiyo swali lako: bluu jiografia, pinki burudani, njano historia, kahawia sanaa na fasihi, kijani sayansi, chungwa michezo na starehe. Ukipatia kwenye vituo vikubwa unapewa kipande cha plastiki, ukishajaza sita unarudi katikati kujibu swali la mwisho, na rangi ya hilo swali wanakuchagulia wapinzani, hapo ndo utajua shemeji yako anakupenda au anakuvumilia tu. Kadi ni 1,000, kila moja ina maswali sita, kwa hiyo hamtamaliza leo wala kesho. Langu lilikuja na vipande pungufu tukajazia vizibo vya soda, na wala haisumbui, maana hata waliolibuni, Chris Haney na Scott Abbott, watu wa magazeti kule Kanada, wanasimulia kwamba wazo liliwajia 1979 Montreal walipotaka kucheza Scrabble, lile gemu la kupanga herufi kuunda maneno, wakakuta herufi hazijatimia. Miaka mitano baadaye, 1984, liliuzwa kama visanduku milioni 20 Amerika Kaskazini, yaani mwaka mmoja tu huo!

Sasa tuje kwenye shida, na shida ni pinki. Pinki ni televisheni, sinema na muziki wa wenzetu wa zamani, na sisi Bara televisheni tumeipata 1994 jamani. Unaulizwa baa ya Rovers Return iko kwenye tamthilia gani (Coronation Street, imeanza Uingereza Desemba 1960 na mpaka leo inaendelea), nani nyumbani kwetu angejua? Mjomba akajibu Sinza. Bibi yeye kakulia Unguja, na Unguja walikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, tena ya rangi, hilo alitukumbusha kila raundi, lakini na yeye kwenye pinki alichemka kama sisi.

Halafu msiamini kila jibu la kwenye kadi. Kuna kisa maarufu cha swali la jina la kwanza la Columbo, yule mpelelezi wa kwenye tamthilia ya televisheni, kadi ikasema Philip. Kumbe hilo jina lilitungwa na Fred Worth, mwandishi wa vitabu vya chemsha bongo, akalipachika kwenye kitabu chake makusudi ili amkamate atakayemnakili. Akawashtaki wenye gemu 1984 akidai dola milioni 300, wao wakakubali kabisa kwamba kitabu chake walikitumia pamoja na vingine vingi, na mahakama ikawapa ushindi kwa sababu taarifa tupu haina mwenyewe. Mimi kesi hii naipenda kuliko gemu lenyewe.

Bluu iko poa, jiografia ya sekondari inakubeba, ila kadi zimezeeka, Umoja wa Kisovyeti bado upo humo na Ujerumani bado ziko mbili. Tumekubaliana jibu la kadi na jibu la leo yote yanapita, vinginevyo mnagombana mpaka asubuhi. Hata ukiulizwa mtaa mkali kuliko yote duniani kwa mwinuko utasema Baldwin Street, Dunedin, New Zealand, ni sawa, lakini 2019 ilinyang'anywa rekodi na mtaa wa Harlech kule Wales, 2020 wakapima upya ikarudishiwa. Na Baker Street namba 221B, London, makazi ya Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithini, wakati hadithi zinaandikwa namba za mtaa huo hata hazikufika huko.

Kahawia ndo ilinishangaza. Nilidhani tutakufa, kumbe ushairi ni ushairi tu, ukiuliza soneti ina mistari mingapi (14) au haiku ina silabi ngapi (17) mtu aliyehesabishwa mizani shuleni hababaiki. Bibi alikula kahawia zote, halafu akageuza kibao akaanza kutuuliza yeye: tarbia mizani ngapi kila mshororo? Kumi na sita, nane ukwapi nane utao, hiyo tulipata. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka gani? 1858. Al-Inkishafi katunga nani? Kimya, watu na digrii zao wanaangalia dari (ni Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, wa Pate).

Toka hapo tukaanza kuandika kadi zetu kwa mkono, na kiukweli gemu limekuwa jingine. Maswali ya kuchezea maneno ya Kiingereza tumeyatoa yote maana ukiyatafsiri hayachekeshi, tumeweka vitendawili, "kuku wangu katagia mibani" na ndugu zake, na anayeshindwa badala ya kutoa mji anatoa mtaa. Mimi mpaka sasa namiliki Mtaa wa Kongo pale Kariakoo na maduka yake yote. Mitaa nayo ina kadi zake: Uhuru Street zamani iliitwaje? Kichwele. Kenyatta Avenue ya Nairobi je? Delamere. Madogo hawajui, wazee wanarukaruka kwenye viti.

Nyota nampa tatu na nusu kati ya tano. Kama watoto Kiingereza bado hakijakaa vizuri msinunue, atakuwa anasoma mtu mmoja na kutafsiri usiku kucha na huyo mtu atakuwa wewe. Ukilikuta mtumba fungua kisanduku hapohapo, kadi ndo muhimu, dadu na kete utapata popote, na kama vipande havijatimia mwambie muuzaji ashushe bei.