Tiketi ya fainali za DCI: matarumbeta ni moto, spika zimezidi

Naanza na hukumu ili asiye na muda asihangaike: nyota nne kati ya tano. Kama uko Marekani, hasa majimbo ya kati kama Indiana, Ohio na Illinois, tafuta onyesho la Drum Corps International, yaani DCI, wakati wa kiangazi, lipa kiingilio, ingia. Hutajuta. Nyota ya tano nimeizuia kwa makusudi, kwa sababu kuna jambo linaniuma, na linawauma mashabiki wengi ninaokaa nao majukwaani.

Kwa asiyejua, hizi ni bendi za vijana zinazoshindana kwa alama za majaji. Umri wa mwisho ni miaka 21 msimu unapoanza, na bendi kubwa ina watu kama 150. Hakuna saksofoni wala filimbi. Kuna matarumbeta ya kila ukubwa hadi tuba zinazobebwa begani, ngoma za kutembea nazo, marimba zilizopangwa mbele ya uwanja, na kikosi cha bendera kinachorusha bendera, bunduki za mbao na panga hewani. Wanacheza dakika kumi hadi kumi na mbili huku wakikimbia na kujipanga kwa maumbo, na hakuna mwenye karatasi ya nota mkononi. Fainali za kwanza zilikuwa Whitewater, Wisconsin, mwaka 1972. Siku hizi ni Indianapolis, ndani ya Lucas Oil Stadium, mwezi wa nane.

Mtu wa pwani haoni ugeni hapa. Mimi ni wa Tanga, na mji wetu ulikuwa na beni, vikundi vya ngoma vilivyoiga bendi za kijeshi, enzi za wazee wetu: Marini na Arinoti, mahasimu wawili, sare zimepigwa pasi, vyeo vya kijeshi, gwaride, na ushindani wa kufa na kupona. Mpaka leo matarumbeta ya harusi yakipita mtaani watoto wanayafuata hadi mwisho wa barabara. Kwa hiyo nilipohamia Indiana na kuona vijana wa kizungu, weusi na Walatino wakipuliza na kuandamana hivyo, nilijiona nimefika nyumbani.

Ushauri wangu wa kwanza kwa mnunuzi ni kufika mapema. Kwenye maonyesho ya mwezi wa saba, yale ya viwanja vya shule, bendi hupasha moto nje, kwenye maegesho ya magari au kwenye nyasi za pembeni, na hakuna anayekuzuia kusogea. Simama mbele ya wapiga snea, zile ngoma za mlio mkali. Wamefunga mkanda mweupe vidoleni pale fimbo inapochuna ngozi. Aliye katikati anatamka kwa mdomo tu, "dat, dat, dat, dat," halafu fimbo zote zinashuka pamoja, mlio mmoja, hujui ni watu tisa au ni mtu mmoja. Kisha sogea kwa wapuliza tarumbeta. Wanajipanga nusu duara, wanashusha pumzi, wanaanza sauti moja ndogo ya chini na kuikuza taratibu mpaka kifua chako chenyewe kinatetemeka. Hakuna waya. Hakuna spika. Ni mapafu ya vijana themanini.

Sasa ingia uwanjani, usubiri bendi ileile, kipande kilekile. Wanafika kwenye mdundo mkuu, matarumbeta yote yameelekezwa kwako, na chini yake kuna besi ya sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme, inayofunika kila kitu kama redio ya daladala iliyofunguliwa mpaka mwisho. Sauti ni kubwa, sikatai. Lakini siwezi tena kutenganisha pumzi ya mtu na umeme. Bendi nyingi pia huwawekea maikrofoni wapulizaji wachache hodari, kwa hiyo unachosikia kinatoka kwa wale wachache kuliko kwa kundi zima. Kijana aliyelala sakafuni kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule kiangazi kizima, akakaza midomo kila siku juani, anastahili kusikika yeye mwenyewe. Ndani ya uwanja wenye paa mambo yanazidi, maana mlio unagonga ukuta na kurudi, na besi ya spika ndiyo inayochelewa kutoka.

Wapo mashabiki wakongwe wanaotaka kila kitu kirudi kama zamani. Siko nao moja kwa moja. Mwaka 2000 bendi ziliruhusiwa kuacha matarumbeta ya ufunguo wa G, yaani yenye G kama sauti ya msingi, na kutumia ya funguo nyingine. Mwaka 2014 trombone, matarumbeta ya kuvuta, zikaruhusiwa nazo. Hayo hayajaniharibia kitu. Hata ruhusa ya kupaza sauti kwa mashine, iliyoanza 2004, ilikuwa na sababu nzuri. Kabla ya hapo mpiga marimba alilazimika kugonga kwa vijiti vigumu, kwa nguvu zote, ili asikike kule juu. Maikrofoni ilimpa nafasi ya kupiga kwa ustadi, kwa vijiti laini, na marimba ikalia kama marimba. Mlango ulipofunguliwa mno ni 2009, vyombo vya umeme viliporuhusiwa.

Na hata hapo sisemi kwamba umeme hauwezi kutumika vizuri. Bendi ya Bluecoats wa Canton, Ohio, mwaka 2014 walimaliza kwa sauti iliyopinda na kuteleza, matarumbeta na mashine vikivutana, na uwanja ulilipuka. Walishika nafasi ya pili mwaka ule, lakini kipande kile bado kinatajwa. Ule ulikuwa ubunifu. Kujaza besi chini ya kila mlio mkubwa, usiku kucha, bendi baada ya bendi, ni mazoea.

Kanuni ningeiandika hivi: spika zibaki kwa marimba na vyombo vya mbele, na kwa mwimbaji au msimulizi akiwepo. Matarumbeta yasiwekewe maikrofoni kabisa. Sinthesaiza isiguse noti ambazo tuba zinaweza kupuliza. Basi.

Jambo la pili ni melodi. Maonyesho mengi ya sasa ni vipande vifupi vifupi vilivyounganishwa: kabla hujaishika nyimbo, imekatwa, watu wamehamia juu ya jukwaa lingine. Watunzi hawafanyi hivyo kwa ubaya. Kati ya alama 100, alama 40 ni za mvuto wa jumla, ambamo muziki na mwonekano vimechanganywa. Mwonekano una 30 zake na muziki 30 zake. Ukipanga alama hivyo, mtunzi atakutengenezea kitu cha kutazama. Mashabiki, hata hivyo, tunakumbuka nyimbo na hadithi. Phantom Regiment wa Rockford, Illinois, walishinda 2008 kwa hadithi ya Spartacus, mtumwa aliyeasi Roma ya kale, tofauti ya alama 0.025 tu juu ya bendi ya Blue Devils, na mpaka leo mtu asiyejua noti moja anaweza kukuhadithia onyesho lile mwanzo hadi mwisho. Hiyo ndiyo ningependa majaji waizawadie zaidi.

Kuna pia pesa, na hili lina uhusiano na hayo yote. Mapambo makubwa, ngazi, majukwaa ya magurudumu, spika na mitambo yake vinahitaji malori, malori yanahitaji mafuta na madereva, na vijana wenyewe ndio wanaolipa maelfu ya dola kushiriki. Santa Clara Vanguard, mabingwa wa 2018, hawakuingia msimu wa 2023 kwa sababu za kifedha, ingawa walirudi 2024. The Cadets, walioanzishwa 1934 na kutwaa mataji kumi ya DCI, walifunga mwaka huo huo wa 2024. Kila bendi ina sababu zake, na siwezi kutupia spika lawama zote. Ila nikiona mzigo unaoteremshwa kwenye lori kwa ajili ya dakika kumi na mbili, najiuliza ni watoto wangapi wenye vipaji wamebaki nyumbani kwa sababu ada imewashinda. Kikomo cha idadi ya malori kingesaidia kuliko hotuba yoyote.

Kwa anayekata tiketi: kaa juu, usawa wa katikati ya uwanja, uone maumbo yote. Siti za chini mbele huwa karibu mno na spika. Kama bajeti yako ni ya siku moja tu, mimi nachagua nusu fainali ya Ijumaa kuliko fainali ya Jumamosi. Jumamosi ni bendi 12 bora. Ijumaa ni 25, na zile za nafasi za chini, zisizo na fedha za mitambo mikubwa, ndizo zinazokusikilizisha matarumbeta kama nilivyoyasikia kule kwenye nyasi. Ukiweza kutoka kazini mapema wiki hiyo, bendi ndogo kabisa zina mashindano yao Marion, kaskazini mwa Indianapolis. Ni uwanja wa wazi, hauna paa, na tuba zinasikika.