Jiwe la kulamba la molasi na urea: miezi mitatu ya kiangazi zizini

Kiangazi kilichopita niliwawekea ng'ombe wangu saba jiwe la kulamba lililotengenezwa kwa molasi, urea, chumvi na madini, nikalitumia kwa miezi mitatu mfululizo. Naipendekeza bidhaa hii, lakini kwa mfugaji anayeelewa inavyofanya kazi tumboni mwa mnyama, kwa sababu maelezo yaliyochapishwa kwenye mfuko wake hayamsaidii asiyeelewa, na kosa linaloweza kutokea hapo huua.

Mabua na nyasi zilizokauka huwa na protini ghafi ya asilimia 3 hadi 5 hivi, na malisho yakishuka chini ya asilimia 7, bakteria wa rumeni, yaani tumbo la kwanza, hukosa nitrojeni ya kutosha. Bila nitrojeni hawazaliani, nyuzinyuzi hukaa tumboni muda mrefu bila kuvunjwa, na ng'ombe hushinda tumbo limejaa huku akizidi kukonda. Urea, ambayo ina asilimia 46 ya nitrojeni, hugeuzwa humo kuwa amonia, na bakteria huitumia amonia hiyo kujijengea protini ya miili yao wakati molasi inawapa nguvu ya haraka. Baadaye ng'ombe huwameng'enya bakteria hao hao na kupata protini yake. Anayelishwa kwanza ni bakteria, na ndiyo maana jiwe hili halina faida, na ni la hatari, kwa mnyama ambaye horini mwake hamna kitu. Mabua lazima yawepo ya kutosha.

Mabadiliko ya kwanza niliyaona kwenye kinyesi. Kabla ya jiwe kilikuwa kikavu, kimepangana kwa tabaka, na ukikivunja kwa kijiti unakuta vipande virefu vya mabua. Kufikia wiki ya pili kilikuwa laini na nyuzi zake zimekuwa fupi. Masalia ya mabua horini yalipungua. Ng'ombe mmoja aliyekuwa akiokota mifupa na kuitafuna, dalili ya kawaida ya upungufu wa fosforasi, aliacha kabla mwezi wa pili haujaisha, jambo lililonipa faraja kubwa kwa kuwa mfupa wa mzoga unaweza kumletea botulismi, sumu ya bakteria inayopoozesha misuli. Maziwa hayakuongezeka, ila hayakushuka kama yalivyoshuka kiangazi cha kabla yake.

Ubora wa jiwe uko kwenye ugumu wake, na hapa mtengenezaji ameniangusha. Mawe ya mwanzo yalikuwa magumu kiasi kwamba baada ya siku kadhaa ulimi ulikuwa umechimba kishimo laini katikati, mfano wa ndani ya kinu, wala hapakuwa na alama ya jino hata moja. Mzigo wa tatu ulikuja na mawe ambayo kidole gumba kilizama nilipoyabonyeza, na asubuhi ya kwanza nilimkuta mtamba amekwisha kumega kipande cha ukubwa wa ngumi. Nililiondoa jiwe papo hapo na kukaa naye karibu kwa muda mrefu. Urea ikiingia kwa wingi kwa mara moja, amonia huzidi uwezo wa bakteria na wa ini, ikaenea katika damu, na mara nyingi ndani ya saa moja mnyama hutoa mate yenye povu, hutetemeka, hupepesuka na tumbo lake kuvimba. Dalili hizo ni za kumwita daktari wa mifugo bila kuchelewa. Siki iliyochanganywa na maji baridi ndiyo huduma ya kwanza inayojulikana, almradi mnyama bado anaweza kumeza. Mtamba wangu alisalimika. Kwa sababu hiyo hiyo jiwe likae chini ya paa, kwani maji ya mvua yakituama juu yake huyeyusha urea, na anayeyanywa ameinywa sumu.

Kwenye mfuko imeandikwa kwamba bidhaa ni "kwa mifugo yote". Maneno hayo yafutwe. Ndama ambaye rumeni yake haijakomaa hapaswi kupewa urea, punda na farasi hawacheui, na kondoo hulimbikiza shaba katika ini mpaka siku inapomwagika kwenye damu na kumuua ghafla. Kiasi cha urea hakikutajwa, cha shaba hakikutajwa, na muuzaji nilipomuuliza hakuwa na jibu. Nilimpelekea mtengenezaji malalamiko haya kwa maandishi na bado nasubiri.

Nitanunua tena, nikilibonyeza kila jiwe kwa kidole kabla ya kulilipia. Naanza kuwapa kwa saa moja tu kwa siku, wakiwa wamekwisha kula mabua na kunywa maji, kisha naongeza muda polepole kwa wiki mbili hivi, kwa kuwa bakteria huhitaji muda wa kuizoea urea. Kondoo nimewatenga kabisa. Wao wana jiwe lao la chumvi na madini, lisilotiwa shaba wala urea.