Vila ya Salalah Msimu wa Kharif: Wanawake Wanane, Bwawa na Madirisha ya Jirani

Assalamu alaykum watazamaji wangu, karibuni tena. Leo sichambui simu wala mafuta ya nywele, nachambua nyumba. Ni vila tuliyopanga Salalah, kusini mwa Oman, mimi na mashosti zangu. Tulikuwa wanawake wanane, nusu wanaishi Maskati, nusu tumetoka Unguja na Dar. Jina la nyumba na la mwenyewe silitaji, kwa hiyo msinibembeleze.

Kwa wasioijua Salalah: Julai, Maskati joto linapita nyuzi 40, watu wanajifungia ndani. Salalah wakati huohuo ni nyuzi 25 hivi, manyunyu, ukungu, milima kijani kibichi. Ni kusi huyuhuyu, upepo wa kwetu pwani. Akishapanda ile milima ya Dhofar anamwaga manyunyu kuanzia mwishoni mwa Juni mpaka Septemba, na wenyewe msimu huo wanauita kharif. Barabarani wanauza madafu, ndizi na mapapai. Shosti mmoja akauliza, "Yaani tumepanda ndege kuja Bububu ya Unguja?"

Haya, twende ndani. Tangazo lilisema vyumba vitano. Hesabuni na mimi. Juu kuna masta, kitanda kikubwa, bafu lake na roshani. Viwili vinavyofuata vina vitanda viwiliviwili, safi kabisa. Cha nne kiko chini, kitanda kimoja cha futi nne. Na cha tano ni hiki hapa: mlango unafungukia jikoni, kidirisha kiko juu kule, kitanda ukigeuka umegusa ukuta. Jamani, hiki ni chumba cha msichana wa kazi! Nyumba nyingi za Ghuba zinacho, ila kwenye tangazo kinapigwa picha kutoka pembeni ili kionekane chumba cha mgeni. Ukiona tangazo la vyumba vitano na mabafu matatu, omba video, mtu atembee na simu chumba hadi chumba.

Kwa sababu hiyo msigawane kwa vichwa, gawaneni kwa vyumba. Tuseme nyumba ni riali 100 kwa usiku. Kwa vichwa, kila mtu anatoa riali 12 na baisa 500, wa roshani na wa jikoni sawasawa, na huyu wa jikoni analala akisikiliza friji linavyonguruma. Siku ya pili utamwona kanuna. Afadhali wawili wa masta watoe 17 kila mmoja, wanne wa kati wabaki na 12 na nusu, wa chini atoe 10, wa jikoni 6. Inatimia 100, na mtu anachagua chumba kwa mfuko wake. Na pesa zikusanywe kabla ya tiketi kukatwa, asiachiwe mmoja alipe amana halafu aanze kuwadai wenzake kwa aibu.

Sasa bwawa. Hapa ndipo nina neno. Tangazo linasema bwawa la faragha, na sisi tulilipia hiyo faragha. Tunataka kuvua mitandio, kuogelea na kucheka kwa sauti bila kuangalia nyuma. Ukuta wa mbele upo, mrefu, mtu wa barabarani haoni kitu. Lakini simama hapa ukingoni, inua macho. Mnaona? Ghorofa ya jirani, madirisha matatu. Ukiliona dirisha, dirisha nalo limekuona. Tukaogelea usiku, taa za bwawa tumezima, na mchana limekaa kama pambo.

Halafu yule mtunza nyumba, kijana mpole, hana tatizo, ila ana ufunguo wa geti. Asubuhi ya kwanza kaingia kusafisha bwawa, mmoja wetu yuko kibarazani na kanga moja. Vurugu! Tukamwandikia mwenye nyumba, tukapanga saa maalumu, na kuanzia hapo mambo yakatulia. Nyinyi malizaneni hayo kabla ya kulipa. Ulizeni na kamera za nje zimeelekezwa wapi.

Jambo ambalo matangazo hayaligusi ni unyevu. Kharif ni raha nje, ndani kila kitu kinavunda. Fungua kabati hili: unasikia uvundo mara moja. Taulo ukianika jioni, asubuhi bado bichi. Mashine ya kufulia ipo, ya kukaushia hakuna. Kiyoyozi tuliwasha kukausha hewa tu, maana baridi ipo ya kutosha. Mashosti wa Maskati wao walishajua: walipita soko la Al Haffa, wakanunua ubani wa hojari, ule wa daraja la juu, wakaweka chetezo ndani ya makabati na kufukiza shuka zote. Kwa kweli usiku huo tulilala vizuri.

Jikoni sufuria kubwa hakuna, ubwabwa wa watu wanane tuliupika kwa awamu. Basi, hilo limepita.

Mtaa ni mzuri. Wadi Darbat, lile bonde la maporomoko ya maji, iko mashariki, ufukwe wa Mughsail magharibi, kila upande kama kilomita 40, na ukikaa mjini uko katikati. Anayeendesha awe macho: milimani ukungu unafunika barabara, na ngamia anakatiza bila kuomba ruhusa.

Naipa sita kwa kumi. Bwawa lingezibwa juu kwa turubai au mwanzi ningeipa nane. Mabinti wanaokwenda na mama zao wataipenda, maana wazee bwawa hawalihitaji, wanahitaji kibaraza na birika la chai, na kibaraza hiki ni kipana.

Swali mnaloniuliza sana: je, tungechukua ya ufukweni? Kwa Julai, hapana. Kusi likivuma, bahari ya Salalah inachafuka, mawimbi kama ukuta, na kuogelea ni hatari. Utalipa zaidi kwa kusikia kishindo tu. Ya ufukweni chukueni kuanzia Novemba, bahari imetulia na ukungu umeondoka, ingawa na ile kijani ya milimani itakuwa imekauka.