Circom na snarkjs: zana imara, ila angalia mshale

Kwa kuthibitisha jambo bila kufichua siri yake, Circom (lugha ya kuandika sakiti, yaani orodha ya masharti ya kuthibitishwa) na snarkjs (programu ya kutengeneza na kuhakiki uthibitisho) ni chaguo zuri, tena la bure. Hatari kubwa iko kwenye alama za mshale za Circom. `<--` huweka thamani tu; `<==` huweka thamani pamoja na sharti, yaani mlinganyo ambao uthibitisho lazima uutimize. Ukizichanganya, mdanganyifu ataingiza namba yake na uthibitisho utapita, wala programu haitalalamika wakati wa kuhakiki.

Faili ya ptau (vigezo vya awamu ya kwanza ya kuandaa funguo) ya kipimo cha 12 hubeba hadi masharti 4,096, yaani 2 kwa kipeo cha 12. Sakiti ikizidi hapo, chukua kubwa zaidi. Groth16, mojawapo ya mbinu za uthibitisho ndani ya snarkjs, hutoa uthibitisho mfupi wa nukta 3 pekee za mkunjo wa kihisabati, lakini ukibadili masharti unarudia awamu ya pili ya funguo. Kompyuta kubwa ya kwanta, kwa algorithimu ya Shor (mbinu ya kwanta ya kuvunja hesabu ngumu zinazolinda funguo), ingeweza kughushi uthibitisho. Hata hivyo, siri zilizokwisha kuthibitishwa zingebaki zimefichika.