Sanamu ndogo za wanyama za Vienna: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Shomoro, kasuku, paka aliyesimama kwa miguu miwili akipiga fidla: sanamu hizi za bronzi (mchanganyiko wa shaba na bati) zinakaa kiganjani. Zilianza kutengenezwa Vienna, Austria, katikati ya karne ya 19. Baada ya kutoka kwenye kalibu zilichongwa kwa tindo, kisha zikapakwa rangi tabaka juu ya tabaka bila kuchomwa, na wapakaji wengi walikuwa wanawake waliofanya kazi majumbani mwao. Kwa kuwa haikupitia moto, rangi hiyo hubanduka kirahisi. Ndiyo maana napanga daraja kwa rangi kwanza, muhuri (alama ya karakana iliyogongwa kwenye sanamu) baadaye.

Namba moja kwangu ni sanamu kuukuu isiyo na muhuri wowote, yenye rangi yake ya mwanzo. Karakana zilikuwa nyingi, na kazi nyingi nzuri zilitoka bila alama. Kwa pesa unayolipia jina, hapa unapata rangi bora zaidi.

Inafuata Bergmann. Franz Xaver Bergmann (1861–1936) ndiye jina kubwa kuliko yote, na alama yake ni herufi B ndani ya mtungi. Mara nyingi utaona pia neno la Kijerumani Geschützt, yaani umbo limelindwa kisheria. Ila kugonga muhuri wa uongo si kazi ngumu, na kalibu zake ziliendelea kutumika baada ya yeye kufariki. Nikiuona muhuri safi mno juu ya rangi hafifu, narudisha sanamu mezani.

Ya tatu ni mpya ya Vienna. Familia ya Bermann (soma vizuri, si Bergmann) ina karakana tangu 1850 na bado inauza. Ni kazi halali, mradi usiuziwe kama ya kale.

Iliyopakwa upya naiweka ya nne, kwa bei ya kutupa tu. Ya zinki au resini (aina ya plastiki) usiiguse.

Utazijuaje? Chukua ndege, mtazame ncha ya mdomo, ukingo wa mkia na nyayo. Sanamu ya kweli imechakaa pale inaposhikwa na inapogusa meza, na chini ya rangi utaona kahawia yenye udhahabu. Ukiona kijivu cheupe, hiyo ni zinki. Sumaku haitakusaidia hapo, maana haishiki bronzi wala zinki. Inakamata chuma tu. Halafu tazama manyoya: kwenye kazi ya asili kila mstari ni mkali, lakini nakala iliyotolewa kwenye sanamu nyingine mistari yake imefifia, na huwa ndogo kidogo kwa sababu madini husinyaa yakipoa. Rangi inayong'aa sawasawa hadi ndani ya mikunjo, bila uchakavu popote, ni ya juzi.

Ukinunua mtandaoni, omba picha ya tumbo na nyayo iliyopigwa juani. Muuzaji akizungusha maneno, achana naye. Kwenye minada kama Dorotheum ya Vienna, iliyoanzishwa 1707, piga hesabu ya ada ya mnunuzi kabla ya kupandisha dau, kwani huongezwa juu ya bei uliyoshindia.

Ikishafika nyumbani, isiguswe na maji ya sabuni, spiriti wala dawa ya kung'arishia shaba. Brashi laini, kavu, basi.